Baba Amesema Diski Zimekwisha

Juzi fundi alinitolea diski za breki za mbele, akaziweka chini miguuni pangu kama mtu anayeonyesha panya aliyemuua. "Mama, hizi ndizo zilizokuwa zikikutetemeshea usukani," akasema. Nikainama kuziokota. Zilikuwa bado na joto, na harufu yake ikanipanda puani: chuma kilichoungua, vumbi, na kitu kama nywele zilizopitiwa na moto. Nikakaa kwenye kigoda cha gereji, mtu mzima mwenye wajukuu, mkoba wangu mapajani, nikalia. Fundi maskini alidhani nalilia bei.

Sikumweleza. Ningemweleza nini? Kijana yule hajui habari za enzi ambazo kilima kizima kilikuwa na gari moja, na gari lenyewe likaitwa kwa jina la mwenyewe. Nyinyi wa rika langu mliokulia Kisii na Nyamira ndio mtakaonielewa, na hata nyinyi huenda mkanicheka. Chekeni tu. Harufu ile ni ya babu yangu, na ni ya mwaka aliokufa baba yangu.

Tulikaa Kiogoro, migomba yetu ikiteremka mpaka kijitoni. Babu, mzazi wa baba, alikuwa na stesheni wagoni nyeupe aliyoinunua kwa mzungu mmoja wa kilimo aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa gari la maana. Breki zake za mbele zilikuwa za diski, si dramu kama za malori, na babu alipenda kulisema jambo hilo nje ya kanisa baada ya ibada, ingawa kila mtu alijua kwamba Sabato si siku ya kusifia magari. Lilibeba ndizi kwenda soko la Keumbu, likabeba maharusi, likabeba wagonjwa. Kisha likambeba baba kutoka hospitali ndani ya jeneza, viti vya nyuma vikiwa vimelazwa. Kifua ndicho kilichomuua. Babu aliendesha mwenyewe siku ile, akakataa katakata kusaidiwa.

Ni baada ya mazishi ndipo nilipoiona mikono yake. Mimi nilizoea kukaa mbele, kando yake. Kila tulipoanza mteremko naye akakanyaga breki, mikono ile mikubwa ilianza kutetemeka juu ya usukani. Ilitetemeka mpaka viwikoni, hata mashavu yake yakachezacheza. Akiachia breki, mikono ikatulia. Chini ya mteremko ikaja ile harufu ya kuungua, ikajaa garini, tukafungua madirisha.

Hakuna aliyenieleza chochote, nami nilikuwa mtoto wa kujijazia maelezo mwenyewe. Siku ya mazishi wanawake walipiga mayowe mpaka sauti zikawakauka, lakini babu hakutoa hata chozi. Alisimama na fimbo yake akielekeza viti viwekwe wapi. Watu wakanong'onezana, huyu mzee ni chuma. Basi mimi nikajua siri yake: babu alikuwa akilia kwa mikono. Alingoja mpaka afike mteremkoni, mahali ambapo kila mtu yuko shughulini kujishikilia, akalia hapo, akamaliza, safari ikaendelea. Ile harufu nikaiona kuwa ni huzuni yenyewe ikimtoka mwilini. Nilimpenda mno kwa jambo hilo, kwa kuwa mimi pia nilikuwa na mahali pangu pa kumlilia baba, nyuma ya ghala la mahindi, ambapo sikutaka mtu apajue.

Mama yeye alikaa nyuma kabisa, amembeba mdogo wangu, mbali na babu kadiri gari lilivyoruhusu. Kwetu kuna ensoni. Wengine huiita aibu, lakini mimi naiita heshima yenye ua kuizunguka. Mke wa mwana na baba mkwe hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja, hawasemezani ovyo, na mambo ya mwili wa mmoja hayatajwi kabisa na mwingine. Baba alipokuwa hai, neno la mama lilimfikia babu kupitia kwake. Bibi alikuwa amefariki kabla sijazaliwa. Kwa hiyo baada ya baba kuondoka nilibaki mimi. "Mwambie babu yako uji uko tayari." "Mwambie mama yako kuni zimefika." Mara nyingine walikuwa uani wote wawili, nami katikati nikirudia maneno ambayo kila mmoja ameshayasikia kwa masikio yake. Nilijiona mtu mkubwa mno, nakuapia.

Sasa, mama alikuwa binti wa dereva. Baba yake aliendesha lori la majani ya chai huko Itumbe, na utotoni mama alipanda naye kila shule zilipofungwa. Alisema gari halisikilizwi kwa masikio tu, husikilizwa kwa kiti unachokikalia. Siku moja alasiri, akinisuka nywele mlangoni, akanena polepole, kwa sauti ya kunifundisha.

"Gari linatetemeka babu yako akikanyaga breki. Diski zimekwisha, zimepinda kwa moto. Siku moja litakataa kusimama. Makambi yanakaribia, sote tutakuwa humo, na ule mteremko wa kwenda mtoni unaujua. Mimi nimeshazika mmoja. Mwambie babu asiliendeshe mpaka fundi alitazame."

Makambi ni ile mikutano ya Wasabato ya kila mwaka, watu wakihamia mahemani juma zima na masufuria yao. Hakuna mtoto aliyekubali kuyakosa. Lakini katika maneno yote ya mama mimi nilisikia neno moja tu: linatetemeka. Kumbe mama naye ameona! Nikajua habari za gari ni za kufunikia tu, kama watu wazima wanavyofunika mambo mbele ya watoto. Nikaona heri nimfikishie babu neno lenyewe, bila kuzunguka mbuyu.

Nilimkuta akinoa panga. "Sokoro," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita babu, "mama anasema uache kulia ukifika mteremkoni."

Panga likasimama juu ya jiwe. "Anasema nini?"

"Uache kulia kwa mikono. Ameona."

Babu alinitazama, kisha akautazama mlango wa mama uliokuwa wazi ng'ambo ya ua. Shingo yake ilivimba. "Mwambie mama yako," akasema, "mimi sikumtuma anichunguze."

Jioni ile nilipeleka ugali na chinsaga, mboga chungu aliyoipenda kuliko nyama. Sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Mzee akirudisha chakula cha mke wa mwanawe ametamka jambo zito, na mjane aliyesusiwa hana wa kumtetea. Majirani huanza kuulizana atarudi kwao lini. Mama aliishika sahani ile kwa mikono miwili. "Ulimwambia nini?" akaniuliza. Nikamkariria neno kwa neno, tena nikijivuna.

Lo! Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Aliketi chini, palepale jikoni, kiganja mdomoni. "Mwanangu, nilisema gari. Gari!"

"Lakini mikono yake..."

"Mikono yake inatetemeshwa na usukani, na usukani unatetemeshwa na diski."

Sikumwamini hata kidogo. Nilidhani anaogopa. Kisha akasema, wala si kwangu, "Sasa nitamtuma nani?"

Siku zilizofuata babu alijichomea ndizi mwenyewe kwenye makaa mbele ya nyumba yake, mzee mwenye mke wa mwana nyumbani, kila mpita njia akiona. Mama aliendelea kupika na kupeleka, yaani mimi niliendelea kupeleka, na sahani ziliendelea kurudi. Usiniulize zilikuwa na uzito gani. Na makambi hayakungoja, watu walishaanza kukata nguzo za mahema.

Asubuhi moja babu akaniita nipande gari, twende mjini Kisii litiwe oili na upepo kwa ajili ya safari. Mama akanivuta jikoni, akanishika mabega. "Babu usimwambie neno. Nenda kwa fundi, umwambie yeye. Afungue magurudumu ya mbele, atazame diski, usukani unatetemeka. Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Nikarudia mpaka nikaudhika, lakini vidole vyake vilikuwa vikinifinya, na hapo nikaanza kuogopa pamoja naye bila kujua tunaogopa nini.

Fundi alikuwa mtu wa Tanga aliyeletwa na malori, mgeni ambaye hajajua hata salamu ya Kikisii. Kiswahili chake kilitiririka tu, nami changu kilikuwa cha darasani, kile cha "hii ni kalamu." Babu alimpa maagizo, kisha akavuka barabara kwenda dukani kutafuta taa ya hemani. Nikajikaza.

"Fundi, baba amesema ufungue magurudumu ya mbele, utazame diski. Amesema usukani unatetemeka."

"Baba yako amesema?"

"Ndiyo. Baba."

"Amesema lini?"

"Leo asubuhi. Na siku ile alisema, akinisuka nywele."

Fundi akaacha kufuta mikono. "Baba yako hukusuka nywele?"

"Kila wiki."

"Na habari za diski anazijua?"

"Anazijua sana. Na kupika anajua."

"Hii ni ajabu ya Musa!" akasema fundi. "Kumbe wanaume wamo huku bara, sisi tunadanganywa tu." Akaenda kuchukua jeki.

Nyinyi wa kwetu mmeshacheka. Asiyetujua nitamweleza: kwa Kikisii, mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Mwalimu wetu alikuwa ametuadhibu darasa zima kwa kuchanganya hayo, lakini ulimi wangu ukiwa na haraka ulirudi nyumbani. Mimi nilimtaja mama. Fundi akasikia baba.

Aliinua gari, akavua gurudumu, akaondoa ile koleo inayoibana diski. "Njoo uone, ukamsimulie huyo baba yako fundi mwenzangu. Weka ukucha hapa, uuvute kuelekea nje." Ukucha wangu ukapita juu ya chuma, ukashuka na kupanda kwenye mifereji, kisha pembeni kabisa ukakwama. "Umeona? Pale pembeni pedi za breki hazifiki, kwa hiyo ndio unene wake wa asili. Huku katikati pameliwa. Ukucha ukikwama hivi, diski imekwisha, usidanganywe na mtu." Akanionyesha madoa ya buluu, akasema hapo chuma kiliungua kikapinda, ndiyo maana dereva anatikisika. Kisha akainama zaidi, akapangusa kwa kitambaa. Palikuwa na ufa mwembamba ulioanzia katikati ukaelekea ukingoni. Akaufuata kwa kidole mpaka mwisho.

"Baba yako amewaokoa," akasema, na mzaha ulikuwa umemtoka.

Babu akatokea na taa mkononi. "Nani ilikwambia fungua hii gari?" Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na akikasirika ngeli zote zilikimbia. "Mimi nilisema oili na upepo, basi!"

"Uniwie radhi, mzee. Baba yake mtoto ndiye aliyeagiza. Kasema usukani unatetemeka, nitazame diski."

"Baba ya nani?"

"Baba yake huyu hapa. Kasema leo asubuhi."

Babu aliiweka taa chini. Sijui alisikia nini moyoni mwake wakati ule. Nilichokiona ni kwamba alivua kofia, polepole, kama alivyoivua kaburini. Akanigeukia. "Baba alisema?" akaniuliza, kwa Kiswahili, lugha ambayo sisi wawili hatukuwahi kuzungumza.

"Ndiyo, alisema," nikajibu, na ilikuwa kweli tupu.

Fundi aliona mzee amelegea, akamfudikizia ndoo akaketi. Babu aliikalia ndoo ile muda mrefu, kofia gotini, akiitazama diski. Mwishowe akanyoosha mkono, akapitisha ukucha wake mwenyewe mpaka ukakwama. Fundi akamwonyesha ufa. Babu akanitazama tena, safari hii macho yakiwa membamba, kama mtu anayepiga hesabu, na midomo yake ikacheza kidogo. "Kama baba yake alisema," akamwambia fundi, "mimi ni nani? Toa hiyo. Weka mpya."

Diski mpya zilibidi ziagizwe Kisumu, kwa hiyo gari likabaki gereji nasi tukarudi Kiogoro kwa miguu. Jioni nilipeleka sahani bila matumaini yoyote, nikaketi kizingitini kungoja kuirudisha. Ilirudi tupu. Mama akaigeuzageuza kana kwamba ugali umejificha chini yake, kisha akajipangusa macho kwa leso, akaniambia nikalale.

Siku ya kwenda makambi gari lilijaa mablanketi, masufuria na gunia la ndizi. Mama alikuwa nyuma na mdogo wangu, mimi mbele. Tulipita Keumbu, tukaiacha lami, tukashika barabara ya udongo inayoelekea Nyamira, na mteremko wa mtoni ukaanza. Nikaikodolea macho mikono ya babu. Akakanyaga breki. Mikono ikatulia tuli. Gari likapunguza mwendo kwa utii, na hakuna harufu iliyokuja.

"Mwambie mama yako," babu akasema, macho mbele, "aliyoyanena kuhusu diski yalikuwa kweli. Fundi alidhani ni mwanangu aliyesema. Mwambie hata mimi nilidhani hivyo, nikavua kofia. Halafu nikakumbuka jinsi watoto wetu wanavyozungumza, nikajua ni baba yupi. Mwambie asante."

Mama alikuwa hapohapo nyuma yetu, ameyasikia yote. Lakini mimi sikuurudia ujumbe ule. Nilikuwa na hasira, hasira inayochoma masikio. Tata hata nyasi hazijaota vizuri kaburini kwake, gari limepewa vyuma vipya, na babu tayari ameshamaliza! Nikasema kwa sauti kubwa, "Sokoro, umeacha kumlilia tata."

Nyuma, mama akavuta pumzi kwa nguvu. Nilijua ninalostahili, nikafumba macho kungoja kofi. Badala yake nikasikia gari likisogea kando, likasimama kabisa katika mteremko ule mkali. Nilipofumbua macho babu alikuwa akiitazama mikono yake, wa kulia, kisha wa kushoto, kwa muda, na nadhani ndipo alipoelewa ule ujumbe niliomletea alipokuwa akinoa panga.

"Lililoacha ni gari," akasema. "Mimi bado."

"Hata mimi bado," mama akasema. Hakuniambia mimi nimwambie. Alimwambia yeye, moja kwa moja, kwa mdomo wake, kisha akashindwa kujizuia. Kaburini alikuwa amelia kama mjane anavyotarajiwa kulia, watu wakimshika huku na huku. Humu garini alilia vingine, kwa sauti ya chini iliyokatikakatika, na mdogo wangu akaamka akaanza kulia naye. Mke wa mwana, ndani ya gari la baba mkwe. Ensoni yetu haikuwa na nafasi ya jambo kama hilo.

Babu hakugeuka. Alivuta breki ya mkono, akateremka, akatafuta jiwe akaligandamiza mbele ya gurudumu. Kisha akatembea mpaka ukingo wa barabara, akasimama ametupa mgongo, uso bondeni, ili mama alie bila kuonwa na baba mkwe wake. Watu wa makambi walipita na mizigo kichwani, wakamsalimu, wakauliza kama gari limeharibika. Aliwajibu kwamba gari ni zima. Akaendelea kusimama pale, mikono nyuma, jua likimpiga kichwani, mpaka mama alipomaliza.